Maswali ya Wasomaji: Mzuka Mwandani na Hisia Zinazomwendesha

Barua nyingi za safari hii zimeangukia jambo moja: mhusika anayefuatana na mzuka, na hisia ipi impe nguvu mzuka huyo. Wengi wenu mnacheza Pathfinder toleo la kwanza, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, ambamo kitabu cha Occult Adventures cha mwaka 2015 kilileta mhusika anayefungamana na mzuka wa mtu aliyekufa, na kila mzuka ana hisia moja inayomtawala. Wengine mko kwenye Dungeons & Dragons toleo la tano, mchezo wa aina hiyo hiyo, au mnatumia kanuni mlizojitungia. Pale kanuni zinapotofautiana tumesema.

SWALI: Hamjambo wahariri. Ndiyo kwanza naunda mhusika mwenye mzuka, na ninatamani mzuka wangu aongozwe na moyo wa kujitolea au ari. Wenzangu wananiambia nitajuta, eti hisia chanya ni pambo tu, nguvu zote ziko kwenye hasira, hofu na kukata tamaa. Ni kweli?

JIBU: Ni nusu ya ukweli. Kati ya hisia saba za kitabu kile, tano ni hasi: hasira, chuki, hofu, wivu na kukata tamaa. Chanya ni mbili tu, kujitolea na ari. Kwa hiyo uwanja wa kuchagua umeelemea upande mmoja, na wenzako wameuona uelemevu huo wakaudhani ni udhaifu.

Tufanye hesabu, kwa mfano wa kubuni ili namba zionekane. Katika dadu ya pande 20, kila nyongeza ya 1 ni asilimia 5. Tuseme mnapambana na adui mmoja mkubwa ambaye mashambulizi yake hufanikiwa mara 60 katika 100. Mzuka wa hofu akimtia woga, adui anakatwa 2 kwenye dadu yake, anashuka hadi mara 50. Madhara yake yamepungua kwa moja ya sita. Sasa chukua mzuka wa ari anayewapa wenzako wote nyongeza ya 2 kwenye shambulio. Walikuwa wakifanikiwa mara 50 katika 100, sasa ni mara 60, yaani madhara wanayotoa yamepanda kwa moja ya tano. Pambano lililohitaji raundi sita linakwisha kwa tano, na adui aliyekufa raundi ya tano hana pigo la raundi ya sita. Mmepunguza madhara yake kwa moja ya sita ile ile, na hakuna aliyempa nafasi ya kurusha dadu ya kujinusuru, ile inayoamua kama mlengwa ameikwepa athari.

Basi mbona mezani hisia hasi huonekana kali zaidi? Kwanza, woga wa Pathfinder haukati shambulio peke yake. Ile 2 inakatwa pia kwenye dadu za kujinusuru na za ujuzi, kwa hiyo mchawi wenu anafunguliwa mlango wa asilimia 10 zaidi kila anapomlenga adui huyo. Pili, na hili ndilo linalowaumiza wengi, nyongeza za aina moja hazijumlishwi. Uchawi wa Bless unatoa nyongeza ya 1 ya aina iitwayo morali, Heroism unatoa 2 ya morali, na mzuka wako akileta nyongeza nyingine ya morali, inayohesabiwa ni ile kubwa tu. Makato yanayotoka sehemu mbalimbali kwa kawaida hujumlishwa. Kundi lenye kasisi hodari linaweza kuimeza kazi yote ya mzuka wa hisia chanya, mchezaji akabaki anauliza kulikoni.

Upande wa pili kuna kinga. Katika Pathfinder toleo la kwanza, wafu-hai, sanamu zinazotembea, mimea, wadudu na viumbe vya ute hawaguswi na chochote kinachoshika akili. Hofu na kukata tamaa haviwafiki. Kampeni, yaani hadithi ndefu mnayoicheza kikao baada ya kikao, ikiwa ya makaburi na maiti zinazofufuka itamfanya mzuka wa hofu awe mtazamaji, huku nyongeza za mzuka wa ari zikiendelea kama kawaida, kwa sababu zinakaa kwa wenzako na si kwa adui.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua, uliza mambo mawili: nani mezani tayari anatoa nyongeza za morali, na maadui wa kampeni ni wa aina gani. Hakuna kasisi wala mwimbaji, na maadui ni wafu-hai? Chukua ari bila wasiwasi. Uzuri au ubaya wa hisia hausemi lolote kuhusu nguvu yake. Linalosema ni kwamba inamwangukia nani.

SWALI: Mimi ni msimamizi wa mchezo, yaani ndiye ninayesimulia hadithi na kuwachezesha maadui. Mchezaji wangu mmoja ana mzuka wa hasira. Kila tukikamata mateka, mzuka anamuua, na maelezo ni yale yale: "Ana hasira, nifanyeje?" Wenzake wamechoka, nami nimechoka.

JIBU: Pole. Hapo hasira haina kosa. Kosa ni kwamba haina anwani. Mwombe mchezaji aandike sentensi moja: mzuka amekasirikia nini, na nani alihusika. "Ana hasira na dunia" haitoshi. "Aliuawa na walinzi wa lango waliolipwa kumlinda" inatosha kabisa, kwa kuwa sasa mnajua kinachomchoma: mlinzi anayekula rushwa, ahadi iliyovunjwa, lango linalofungwa usoni mwa mtu anayeomba msaada. Mwizi wa kuku aliyefungwa kamba hamhusu.

Kisha weka kanuni ndogo. Kichocheo chake kikitokea, mwenye mzuka anarusha dadu ya kujinusuru kwa utashi. Ugumu ni 10 pamoja na nusu ya kiwango chake. Akifaulu, amemzuia. Akishindwa, mzuka anatumia raundi moja kumwendea mlengwa na kumtisha. Kuua kunabaki kuwa amri ya mwenyewe, na amri hiyo ina mtu wa kuulizwa. Tenganisha mambo hayo mawili waziwazi, maana ule msemo wa "mzuka ndiye aliyefanya" unaota mizizi pale ambapo kutisha na kuua ni kitu kimoja.

Kipimo cha kichocheo ni hiki: kikitokea zaidi ya mara moja au mbili katika kikao, ni kipana mno, kipunguzeni. Kisipotokea kabisa kwa vikao vitatu, wewe msimamizi ndiye unayedaiwa. Mletee mlinzi mla rushwa. Mchezaji aliyeachwa bila mahali pa kuitumia hasira ataimwaga popote.

Zungumza naye faraghani, kabla ya kikao. Ukimkosoa mbele ya meza, katikati ya tukio la mateka, atatetea kilichokwisha kufanyika na hamtafika kokote.

SWALI: Upendo ni hisia chanya au hasi? Mzuka wangu anampenda mhusika wangu kupita kiasi, hataki nizungumze na mtu. Msimamizi anasema huo ni wivu, nibadilishe kila kitu kwenye karatasi yangu ya mhusika.

JIBU: Usibadilishe bado, dada. Mchezo wa Wraith: The Oblivion uliotoka mwaka 1994 ulilimaliza suala hili kwa njia nzuri. Humo wachezaji wenyewe ni wafu, na kila mmoja ana shauku kadhaa alizobaki nazo. Shauku huandikwa kama tendo, na hisia inafuata pembeni: "kumlinda binti yangu", upendo, "kumwangusha aliyenisaliti", chuki. Mfu akilitenda tendo hilo anapata nguvu za kuendeshea uwezo wake, na dadu hazijali kama hisia ni nzuri au mbaya. Zinajali kama tendo limefanyika.

Fanya vivyo hivyo. Andika mzuka wako anafanya nini kwa sababu ya upendo huo. Kama tendo ni "kusimama kati yake na hatari", una kujitolea. Kama ni "kumfukuza kila anayemkaribia", msimamizi wako amesema kweli, huo ni wivu, hata kama moyoni mwa mzuka unaitwa upendo. Karatasi ifuate tendo.

SWALI: Nataka kutunga hisia ya huruma kwa ajili ya mzuka, haimo katika hisia saba za kitabuni. Nianzie wapi isije ikawa dhaifu au ikavunja mchezo?

JIBU: Anza na tendo, kisha kichocheo, kisha bei, halafu ukomo. Hisia hasi huwa na mambo haya manne bila kuhangaika, kwa sababu pigo lina mlengwa na zamu yake. Hisia chanya nyingi zinazotungwa na wachezaji zinaishia kuwa "wenzangu wote wanapata nyongeza ya 1 daima", kitu ambacho hakuna anayekikumbuka baada ya raundi ya pili.

Kwa huruma tungefanya hivi. Tendo: mzuka anachukua nusu ya pigo lililomkusudia mwenzake, nusu hiyo ikishushwa hadi namba kamili. Kichocheo: mwenzake aliye ndani ya futi 10 ameumizwa. Bei: mzuka hashambulii katika zamu yake inayofuata. Ukomo: mara moja kwa raundi, na mara 3 kwa siku, ikiongezeka moja kila viwango vinne.

Ukomo wa siku usiuache, hata kama bei inaonekana kutosha. Katika Pathfinder, mzuka akipata madhara ya kumrudisha alikotoka, mwenyewe anaweza kutoa pointi zake za uhai, kila pointi ikifuta pointi moja ya madhara. Ni kanuni nzuri, ila ukiiunganisha na huruma isiyo na mwisho inakuwa bomba la kumnyonya mwenye mzuka. Angalia: shoka linatoa madhara 22, mzuka anachukua 11, naye amebakiza 6 kabla ya kutoweka. Ili abaki na 1, mwenyewe anatoa 6. Raundi inayofuata, shoka lile lile, 11 nyingine, na mara hii mwenyewe anatoa zote 11. Mhusika wa kiwango cha 3 mwenye pointi 21 amebakiwa na 4, na hajaguswa na mtu. Wachezaji wenye moyo mzuri ndio wanaokufa hivi, maana wanaona aibu kukataa.

Kuhusu ukuaji, mzuka wa Pathfinder anapata uwezo mpya wa hisia yake katika viwango vya 7, 12 na 17, basi fuata ngazi hizo. Kiwango cha 7, mpe eneo la futi 20 ambamo wenzake waliobakiwa na nusu ya uhai au chini yake wanapata nyongeza ya 2 kwenye dadu za kujinusuru. Sharti la nusu ya uhai ni muhimu sana: huruma inawaendea walioumia, na sharti hilo linakuzuia kuitumia kama zawadi ya kila mtu. Kiwango cha 12, mara moja kwa siku amwondolee mwenzake hali moja ya hofu. Kiwango cha 17, mara moja kwa siku mwenzake ambaye angekufa abaki na pointi 1, na mzuka atoweke kwa saa 24.

Usimpe uponyaji. Mzuka anayeponya anageuka mfuko wa dawa, na mganga wa kundi anakosa kazi. Weka pia vipande vitatu vya mbao au vifuniko vya chupa mbele ya mchezaji, kimoja kwa kila mara ya siku. Uwezo unaotumika zamu ya mtu mwingine husahaulika upesi, na vipande vile vilivyo mbele ya macho ndivyo vinavyoukumbusha.

SWALI: Mzuka wangu wa hofu amekuwa bure tangu tuanze kupigana na wapiganaji watakatifu wa hekalu. Hawatishiki! Nifanyeje?

JIBU: Hawatishiki kweli. Katika Pathfinder toleo la kwanza, paladini, yaani mpiganaji mtakatifu, wa kiwango cha 3 na kuendelea haguswi na hofu, na wenzake walio ndani ya futi 10 wanapata nyongeza ya 4 kwenye dadu za kujinusuru dhidi ya hofu. Katika D&D toleo la tano la mwaka 2014, kinga hiyo inaanzia kiwango cha 10, na inawafunika pia wenzake walio ndani ya futi 10.

Angalia hizo futi 10. Kazi yako sasa si kumtisha paladini, ni kumwacha peke yake na kuwashughulikia walio nje ya duara lake: mpiga upinde wa nyuma, mchawi aliyejitenga. Kama unacheza Pathfinder, kumbuka pia kwamba hofu hupandiana. Aliyetiwa woga akitiwa tena kabla wa kwanza haujaisha anaingia ngazi ya pili na kukimbia. Mzuka na mhusika wako wakimshika adui mmoja kwa pamoja, mmoja kwa pigo na mwingine kwa uchawi wa hofu, mnamwondoa uwanjani bila kumuua.

Katika D&D toleo la tano hofu haina ngazi, lakini ni nzito yenyewe. Aliyetishika, maadamu anakiona kinachomtisha, anashambulia kwa dadu mbili na kuchukua ndogo. Aliyekuwa akifaulu mara 60 katika 100 anashuka hadi 36. Hawezi pia kukisogelea kwa hiari yake. Humo basi mahali anaposimama mzuka ni silaha: msimamishe mlangoni, asonge nani? Na asijifiche nyuma ya ukuta, kwa kuwa asipoonekana, makato yale ya dadu yanaondoka.

Wale mnaotaka hisia chanya katika mchezo huo, mjue kitendo cha kusaidia ndicho rafiki yenu. Mzuka akiwa ndani ya futi 5 za adui, mwenzake anapata dadu mbili na kuchukua kubwa kwa shambulio lake la kwanza. Mara 50 katika 100 inakuwa 75. Mpe msaada huo yule mwenye pigo moja kubwa, kwa mfano mwizi, si mpiganaji mwenye mapigo matatu.

SWALI: Mzuka akiwa amekaa ndani ya akili ya mhusika, ana faida yoyote?

JIBU: Anayo. Katika Pathfinder unapata nyongeza ya 4 dhidi ya vinavyoshika akili, na umahiri katika ujuzi wa aina mbili unaotokana na hisia yake. Mzuka wa kujitolea anakupa usuluhishi na kutambua nia za watu. Wa hofu anakupa kutisha na kunyata. Mkiingia kwenye mazungumzo, mrudishe ndani.

SWALI: Mzuka wa kampeni yetu alianza na kukata tamaa. Baada ya miezi ya kucheza, tumemzika vizuri na kumpatanisha na ndugu yake. Inaonekana ajabu kuendelea kumchezesha kama mtu aliyepoteza kila kitu. Naweza kumbadilisha?

JIBU: Badilisha, na msimamizi wako akusaidie kufanya kazi hiyo iwe na uzito. Mfumo umeichukulia hisia kama chaguo la mwanzo, kwa hiyo mtahitaji makubaliano ya meza nzima.

Makosa tunayoyaona ni mawili. La kwanza ni kumgeuza siku moja: amezikwa, kesho ana ari na anacheka. Wachezaji wanapoteza mzuka waliyemzoea na kupewa mgeni. La pili ni kubadilisha jina na kuacha uwezo ule ule. Mzuka anaitwa wa matumaini, lakini pigo lake bado linamkatisha adui tamaa.

Njia inayofanya kazi ni kuweka alama tatu zitakazoonekana mchezoni kabla ya namba kuguswa. Kwa mzuka huyu ya kwanza tayari mnayo, mapatano na ndugu. Ya pili iwe kitu anachokifanya bila kuamriwa, kama kumwonya mwenzake hatari. Ya tatu iwe kukataa: apewe nafasi ya kumvunja moyo adui aliyekwisha kushindwa, na asifanye. Baada ya hapo, kundi likipanda kiwango, badilisha uwezo wote isipokuwa mmoja. Ule uliobaki ndio kovu lake. Mzuka wa ari ambaye bado anaweza kumkatisha mtu tamaa mara moja kwa siku ana historia inayoonekana kwenye karatasi yenyewe, na kila akiutumia meza itajua kwamba kuna jambo limemgusa.

Ujuzi wa aina mbili ubadilike siku hiyo hiyo, watu husahau.

SWALI: Mchezaji wetu mmoja amefiwa hivi karibuni, na mzuka wa mwenzake ni wa huzuni ya kufiwa. Tusimamishe kampeni?

JIBU: Muulizeni yeye, na mmuulize pembeni, kabla ya kikao. Wapo wanaotaka kitu kipungue, wapo wanaochukia kufanywa dhaifu. Msimkisie.

Akisema mpunguze, hamlazimiki kuvunja chochote. Namba zibaki, maelezo yafupishwe. "Adui anakatwa 2 kwenye dadu za kujinusuru" inatosha, bila kilio, bila sauti ya marehemu, bila kuelezea mazishi. Kubalianeni pia neno moja ambalo yeyote akilitamka tukio linarukwa papo hapo bila kuulizwa sababu. Neno hilo liwe la wote, asilibebe yeye peke yake. Mwenye mzuka naye aambiwe mapema, asije akadhani uchezaji wake ndio mbaya.

SWALI: La haraka. Ninatumia uchawi wa kiakili wa Pathfinder. Hofu inayotokana na mzuka wangu ikinipata mimi mwenyewe, uchawi wangu unazuiwa?

JIBU: Unazuiwa ule wenye kipengele cha hisia. Uchawi wa namna hiyo hautoki kabisa ukiwa chini ya athari ya hofu au ya hisia yenye kudhuru, na hakuna dadu ya kurusha ili kujaribu. Soma maelezo ya uwezo husika: kama unasema maadui, uko salama; kama unasema viumbe wote walio ndani ya eneo, nawe umo. Simama nje ya duara, au tumia kwanza uchawi wako kisha ndipo umwagize mzuka aanze.